Kusoma jenomu ya samaki mvamizi: maana yake na kazi yenyewe

Jenomu ni maelekezo yote ya urithi aliyo nayo kiumbe, yaliyoandikwa kwenye DNA kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Kusoma jenomu ni kujua mfuatano wa herufi hizo, kromosomu (uzi mmoja wa DNA) baada ya kromosomu, kutoka ncha hadi ncha. Kwa sato, Oreochromis niloticus, hizo ni herufi zipatazo bilioni 1 katika jozi 22 za kromosomu.

Neno "mvamizi" halielezi spishi ilivyo. Linaeleza mahali ilipo. Sato ni mwenyeji wa bonde la Nile, Ziwa Turkana na Ziwa Albert. Ziwa Victoria aliingizwa na watu miaka ya 1950, akastawi mahali palipokuwa pa ngege, Oreochromis esculentus. Ubaya wake si kugombea chakula na mazalio peke yake. Sato hupandana na spishi nyingine za jenasi yake, na machotara wake huzaa. Baada ya vizazi vichache unaweza kumvua samaki mwenye sura ya ngege ambaye robo ya jenomu yake ni ya sato. Kwa macho humjui. Kwa jenomu unamjua, na kwangu hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kuifanya kazi hii.

Hatua ya kwanza ni kutengeneza jenomu rejea, yaani nakala moja iliyokamilika ambayo wengine wote watalinganishwa nayo. Hutoka kwa samaki mmoja. Ukichanganya DNA ya samaki wawili, programu ya kuunganisha itakutana na nakala nne zinazotofautiana badala ya mbili, ya baba na ya mama, na itachanganyikiwa. Basi huyo mmoja achaguliwe kwa makini, maana kosa la hapa hakuna mashine itakayolirekebisha. Atoke mahali panapojulikana, apigwe picha akiwa mzima, na mwili wake uhifadhiwe kwenye makumbusho ili siku jina la spishi likibishaniwa pawe na kitu cha kurudia.

Jinsia nayo ni mtego. Kwa kromosomu za jinsia, X na Y, sato dume ni XY na jike ni XX, kwa hiyo anayetaka kromosomu zote huchukua dume. Jenomu ya sato iliyochapishwa mwaka 2017 ilitokana na jike la XX la ukoo wa maabara ambao nakala zake mbili za jenomu zilikuwa zimefanana kabisa. Kwa kuunganisha hilo lilikuwa faraja kubwa: vipande visivyo na pengo vilirefuka kutoka makumi ya maelfu ya herufi hadi mamilioni. Lakini Y haikuwamo. Na usidhani dume yeyote wa bwawani atakupa Y. Wafugaji wengi hulisha vifaranga homoni ya methyltestosteroni ili wote wawe madume, na joto la maji la nyuzi 36 katika siku za mwanzo za uhai nalo hugeuza baadhi ya majike. Ukimpasua utaona korodani, ilhali kwa vinasaba ni XX. Chukua dume wa ziwani au mtoni, mbali na mabwawa.

Tishu bora ni damu. Chembe nyekundu za damu ya binadamu hazina kiini, lakini za samaki zinacho, kwa hiyo mikrolita 20 tu zina DNA ya kutosha usomaji mzima. Huvutwa kwenye mshipa ulio chini ya uti wa mgongo, karibu na mkia, kwa bomba la sindano lililosuuzwa kwa EDTA, kemikali inayozuia damu isigande. Heparini pia huzuia damu isigande, ila huja kuvuruga vimeng'enya vya maabara baadaye, hivyo ni afadhali kuiepuka. Damu igandishwe papo hapo kwenye nitrojeni ya kimiminika, kisha ikae kwenye nyuzi −80. Ikiyeyuka na kugandishwa tena mara mbili tatu, DNA hukatikakatika.

DNA iliyotoka vizuri unaiona: ni uzi mweupe, laini kama ute, unaoning'inia kwenye ncha ya pipeti na kurefuka ukiivuta. Tumia ncha zenye tundu pana, vuta polepole, na usiitikise kwa mashine. Kisha pima. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280, yaani 260/280, uwe karibu 1.8, na wa 260/230 uwe karibu 2. Huo wa pili ukishuka sana, kuna chumvi za uchujaji au sukari za ute wa ngozi zilizobaki, nazo huziba vitundu vya mashine ya Nanopore, inayosoma DNA ikipita kwenye vitundu hivyo. Kipimo cha mwanga kikionyesha DNA mara mbili ya kile cha rangi inayong'aa, ziada hiyo mara nyingi ni RNA, nakala za jeni zinazotumika kwenye chembe.

Mashine haisomi kromosomu nzima kwa mkupuo. Mashine za Illumina hutoa vipande vya herufi 150 hivi, za PacBio HiFi hutoa vya 15,000 hadi 20,000 kwa usahihi unaozidi asilimia 99.9, na Nanopore inaweza kupita 100,000. Vipande vifupi ni rahisi kuvipata, lakini jenomu imejaa mafungu yanayojirudia, na fungu la herufi 6,000 lililojirudia mara mia haliwezi kupangwa kwa vipande vya 150. Programu hulikunja likawa moja, na jeni zilizo jirani zikapotea njia. Ndiyo maana siku hizi jenomu rejea huanzia kwenye vipande virefu. Kila herufi husomwa mara 30 au zaidi, kwa hiyo jenomu ya bilioni 1 hudai angalau herufi bilioni 30 zilizosomwa.

Baada ya vipande kuunganishwa, huletwa Hi-C, mbinu ya kujua vipande gani ni vya kromosomu moja. DNA hushikamanishwa ndani ya kiini kwa fomaldehaidi, hukatwa, na ncha zilizolala karibu huungwa. Sehemu zinazokutwa pamoja mara nyingi ni za kromosomu moja, na kwa njia hiyo vipande hupangwa hadi kufikia kromosomu kamili. Ukibaki na makundi makubwa yanayozidi 22 kwa sato, bado kuna kromosomu iliyokatika.

Ukaguzi ndio unaofichua uongo. Programu ya BUSCO hutafuta jeni 3,640 zinazotarajiwa kwa samaki wenye mapezi ya miale, na jenomu nzuri huwa na zaidi ya asilimia 95 ya hizo. Angalia hasa zilizokutwa mara mbili. Zikiwa nyingi, na jumla ya jenomu ikawa bilioni 1.4 badala ya 1, programu imezihesabu nakala za baba na mama kama sehemu mbili tofauti. Hilo huwapata sana wavamizi walioingizwa mara kadhaa kutoka sehemu mbalimbali, na machotara ndio zaidi. Kwa samaki aitwaye carp kwa Kiingereza, Cyprinus carpio, mambo ni tofauti: ana kromosomu 100 kwa sababu jenomu yake ilirudufishwa zamani, na ukizifuta nakala hizo umefuta jeni za kweli. Ondoa pia vipande vya bakteria na vimelea wa damu. Huonekana kwa uwiano wao wa G na C na idadi ya mara walizosomwa, ambavyo haviendani na vya samaki.

Jeni zenyewe hutambuliwa kwa msaada wa RNA ya ubongo, matamvua, ini na viungo vya uzazi, iliyohifadhiwa dakika chache baada ya samaki kufa.

Jenomu rejea ikishapatikana, kazi ya ziwani huwa nyepesi. Kipande cha pezi cha ukubwa wa punje ya mchele kwenye ethanoli ya asilimia 96, ibadilishwe baada ya siku moja kwa sababu maji ya tishu huizimua, kinatosha kusoma jenomu ya kila samaki kwa kina kidogo na kuilinganisha na ya sato na ya ngege. Asitegemewe mtu anayepima mitokondria, viungo vidogo vya chembe vinavyotoa nishati, peke yake. DNA ya mitokondria, herufi 16,600 hivi, hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo mtoto wa jike la ngege na dume la sato atasomeka ngege mtupu, na wajukuu wa majike wake vilevile, hata damu ya sato ikiwa imewajaa.