Ombi likikataliwa kwa 413: dhana potofu kuhusu mwili wa ombi

Mtumiaji anapakia picha ya megabaiti 9, seva inajibu 413, msimbo wa kosa unaomaanisha ombi ni kubwa mno, na ushauri wa kwanza anaopewa msimamizi ni uleule: ongeza client_max_body_size, yaani kikomo cha ukubwa wa mwili wa ombi, kwenye Nginx, programu ya seva inayopokea maombi ya wavuti, mambo yataisha. Mara nyingi hayaishi, na hiyo ndiyo dhana inayowapotezea watu muda mwingi kuliko zote.

Mwili wa ombi, yaani data inayofuata baada ya vichwa vyake, hupita sehemu kadhaa kabla ya kuifikia programu yako, na kila sehemu ina kikomo chake. Nginx usipoigusa inaruhusu megabaiti 1. Nyuma yake PHP, lugha inayoendesha programu yenyewe, ina upload_max_filesize (kikomo cha faili moja) ya megabaiti 2 na post_max_size (kikomo cha mwili wote) ya megabaiti 8. Sasa panua Nginx hadi 20m uiache PHP ilivyo. Picha ile inapita Nginx bila shida, PHP inaona ombi limezidi post_max_size, na badala ya kutoa 413 inaacha $_POST na $_FILES, ambamo programu husoma data ya fomu na faili, zikiwa tupu. Inaandika onyo kwenye logi, basi. Programu inadhani fomu haikujazwa, na mtu aliyeandika kila kitu anaambiwa "tafadhali jaza jina lako". Kwa hiyo panga vikomo kwa pamoja: upload_max_filesize iwe ndogo kuliko post_max_size, maana mwili hubeba faili pamoja na sehemu nyingine za fomu, na Nginx isiwe chini ya post_max_size.

Wengine wakichoka huweka client_max_body_size 0 wakidhani wameondoa usumbufu. Walichoondoa ni ukaguzi wenyewe: yeyote anaweza kutuma data hadi diski ijae. Nginx inakubali agizo hili ndani ya location, yaani sehemu ya usanidi inayohusu njia fulani ya tovuti, basi kikomo kikubwa kipe njia ya kupakia faili tu, na kwingineko kibaki kidogo. Apache, programu nyingine ya seva, nayo iliacha LimitRequestBody, agizo lake la kazi hiyohiyo, bila kikomo hadi toleo la 2.4.53, tangu 2.4.54, la mwaka 2022, chaguo-msingi ni gigabaiti 1, ambayo kwa maoni yangu bado ni kubwa mno kwa fomu ya kawaida.

Ipo pia imani kwamba faili kubwa hujaza RAM, kwa hiyo client_body_buffer_size, ukubwa wa bafa (nafasi ya RAM ya kushikia mwili wa ombi kwa muda), lazima ilingane na faili kubwa kuliko yote. Mambo yako kinyume. Bafa hiyo ni kilobaiti 8 au 16 kutegemea mashine, na kinachozidi Nginx hukiandika kwenye faili la muda kwenye diski. Ukiipandisha hadi megabaiti 50, maombi 200 makubwa yakija kwa pamoja yanaweza kula gigabaiti 10 za RAM. Kilichohitaji kuangaliwa ni nafasi ya diski pale client_body_temp_path inapoelekeza.

Kuhusu client_body_timeout ya sekunde 60, muda ambao Nginx husubiri data ya mwili, huo si muda wa kumaliza kupakia. Unahesabiwa kati ya usomaji mmoja na unaofuata, kwa hiyo mwenye mtandao wa polepole anaweza kupakia kwa dakika 20 bila kukatwa mradi data inaendelea kuja. Udhaifu wake ni kwamba mshambuliaji anayedondosha baiti chache kila baada ya sekunde 50 naye hakatwi. Huyo mzuie kwa limit_conn, agizo la kuwekea kikomo idadi ya miunganisho.

Na usitegemee kwamba mtumiaji ataiona 413. Seva ikikataa na kufunga muunganisho wakati kivinjari bado kinatuma, kivinjari huweza kuonyesha tu kwamba muunganisho umekatika. Kagua ukubwa wa faili kwa JavaScript kabla ya kutuma, umwambie mtu mapema kwa lugha anayoielewa. Kikomo cha seva kibaki palepale, kwa sababu anayetuma kwa curl, zana ya kutuma maombi bila kivinjari, hapiti kwenye JavaScript yako.