Hapana shemeji, meli haikuwa inazunguka

Jumamosi nilikuwa harusini Tanga, sahani ya pilau mkononi, shemeji yangu mmoja anayeishi Marekani akawa anawasimulia wazee safari yake ya meli ya kitalii. Siku saba kutoka Miami, kisiwa hiki, kisiwa kile, chakula mchana na usiku. Alipofika kwenye siku za mwisho akanigeukia mbele ya watu: "Ila nyie mabaharia wajanja. Siku mbili za mwisho meli inazunguka palepale tu, ili watu wamalizie hela kwenye kasino. Tuliwastukia!"

Wazee wakacheka. Mimi nilikuwa na mfupa mdomoni, sikuweza kujibu.

Hadithi hii nimeisikia kwa abiria ndani ya lifti, kwa dereva wa teksi Dar es Salaam ambaye hajawahi kupanda hata pantoni la Kigamboni bila kulalamika, na kwa mtu aliyesomea uhandisi. Miaka tisa nimeshika zamu bridji, chumba cha kuongozea meli, kwenye meli za aina hiyo, mingi yake Karibi. Harusini nilishindwa kusema, basi nasema hapa.

Nilimwomba shemeji ratiba yake, akanitumia picha. Jumamosi kuondoka Miami. Jumapili na Jumatatu baharini. Jumanne St. Maarten, Jumatano St. Thomas, kung'oa nanga saa kumi na moja jioni. Alhamisi na Ijumaa baharini, Jumamosi alfajiri Miami. Ni ratiba ya kawaida kabisa ya Karibi ya mashariki.

Sasa tuchukue kalamu. Kutoka St. Thomas hadi Miami ni maili za baharini zinazokaribia 1,000, na maili ya baharini ni kilomita 1.852. Ukiondoka Jumatano saa kumi na moja jioni na ukatakiwa kumpokea rubani wa bandari, yule anayekuja kuiongoza meli kuingia gatini, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, una saa 60. Gawanya: noti 16 na ushee, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Huo ndio mwendo wa siku zako mbili za "kuzunguka". Ukitaka kufuta siku moja ya bahari na kuweka kisiwa kingine mahali pake, zinabaki saa 36, na hapo unahitaji karibu noti 28. Meli za kitalii nyingi mwisho wake ni noti 22 au 23, zikiwa zinatetemeka mpaka vikombe vinacheza mezani. Queen Mary 2 inakaribia noti 30, lakini ile ilijengwa kuvuka Atlantiki, si kubeba watu wenye kofia za majani kwenda kununua saa za mkononi St. Thomas.

Kwa hiyo siku mbili za baharini si ujanja wa mtu. Visiwa viko mbali. Basi.

Jambo linaloniudhi zaidi ni hili: shemeji huyuhuyu alipokuwa anakwenda, Jumapili na Jumatatu, alikaa baharini siku mbili vilevile, tena njia ndefu zaidi kidogo, na hakusema tunazunguka. Nilimuuliza kwa simu. Akasema, "Kule kwenda tulikuwa tunakimbia, shemeji. Upepo ulikuwa unapeperusha kofia. Kurudi meli ilikuwa imesimama, joto tupu."

Hapo ndipo kiini cha hadithi yote. Kasino haimo, ni upepo.

Karibi hupuliza pepo za biashara kutoka mashariki, karibu mwaka mzima, mara nyingi noti 15 hadi 20. Meli inayotoka Miami kwenda St. Maarten inaukabili upepo huo. Meli inakwenda noti 16, upepo unakuja noti 16, abiria aliyesimama sitaha ya juu anapigwa na noti 32 usoni. Taulo zinaruka, kofia zinaruka, na yeye anajisemea: naam, tunakwenda. Siku ya kurudi upepo ni uleule, ila sasa unatoka tezini, nyuma ya meli. Meli inakwenda noti 16 na upepo unaifuata kwa noti 16, hasa ukielemea kusini kidogo kama unavyopenda miezi ya joto. Toa moja kwa nyingine unabaki na nini? Karibu sifuri. Meli ya mita 300 inapasua bahari kwa kilomita 30 kwa saa na juu yake hakuna upepo wa kuzima kibiriti.

Mtu yeyote wa Tanga au Pemba aliyesafiri na jahazi wakati wa kusi kwenda kaskazini anajua jambo hili bila kufundishwa. Tanga la jahazi limejaa, chombo kinakwenda kama mshale, na wewe umekaa juu ya magunia unatoka jasho kama uko jikoni. Alipoona hivyo babu yako hakusema chombo kimesimama. Alisema upepo mzuri.

Tena mambo huongezana. Bila upepo wa kupita juu ya sitaha, moshi wa dohani hauondoki, unaning'inia juu ya bwawa la kuogelea, na masizi yanamwangukia mama aliyevaa nguo nyeupe. Yeye anampigia mhudumu, mhudumu anampigia msimamizi wa hoteli, msimamizi anapiga bridji, na afisa wa zamu anaomba ruhusa ya nahodha kugeuza mwelekeo wa meli nyuzi 20 au 30 kwa muda, upepo uingie kwa ubavu na moshi uondoke. Tukishasafisha hewa tunarudi njiani. Shemeji amekaa chumbani anatazama ramani ya meli kwenye televisheni, anaona kipinda. "Umeona? Wanazunguka."

Ramani ile ningekuwa na uwezo ningeizima. Kila kitu kinachoonekana pale kinahitaji mtu wa kukieleza, na hayupo. Tukiona wingu la mvua kali kwenye rada mbele, tunalipitia pembeni ili viti vya sitaha visiruke. Tukikuta meli ya mizigo upande wetu wa kulia inatukatia njia, kanuni za kuzuia kugongana za mwaka 1972 zinataka sisi ndio tupishe, basi tunapisha. Mgonjwa akihitaji helikopta, tunaweka upepo pale anapoutaka rubani wa helikopta, hata kama ni kurudi tulikotoka. Na ukikaribia Florida kuna mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini kwa noti tatu hadi nne. Ili ufike Miami lazima uelekeze omo, pua ya meli, kusini ya mahali unapokwenda, na meli inatembea kimshazari kama kaa. Kwenye ramani ya televisheni kile kimeli kidogo kinatazama kwingine na kinakwenda kwingine. Hata mimi ningekuwa abiria ningeshtuka.

Sasa nikiri yangu, maana wapo wenzangu watakaosoma hapa.

Kuna usiku ambao tunajikokota kweli. Ni usiku wa mwisho. Sababu ni akiba. Ukipanga saa 60 kwa maili 1,000, hakuna nahodha mwenye akili atakayekwenda noti 16 na ushee kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu likitokea lolote Ijumaa jioni, mgonjwa, injini moja, hali ya hewa, huna tena mahali pa kuutoa muda. Kwa hiyo siku ya kwanza unakwenda 18, unajiwekea saa mbili tatu mfukoni. Kama hakuna kilichotokea, usiku wa mwisho zile saa zimebaki na lazima uzitumie, kwa sababu rubani umemwekea miadi, na ukiwahi mbele ya lango la bandari utakaa hapo na meli nyingine tatu zinazongoja zamu zao. Basi unashusha hadi 12, hadi 10. Aliyeamka saa nane usiku akatoka roshani yake akaona taa za mbali hazisogei, hakuota. Tulikuwa tunakula akiba.

Vitabu vinasema njia ya bei nafuu ni kushika mwendo mmoja, kwa sababu nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Kutoka noti 16 kwenda 20 unahitaji karibu mara mbili ya nguvu. Ni kweli kwenye karatasi. Baharini kuna tumbo la meli lenye ukungu wa majani na chaza, kuna wimbi, kuna mkondo, na meli ya kitalii ina mzigo mwingine usiojali mwendo kabisa: viyoyozi, majiko, friji, taa, umeme wa kutosha mji mdogo, uwe unakwenda au umesimama. Tena joto la injini ndilo linalosaidia kutengeneza maji matamu kutoka maji ya chumvi, ukijikokota sana maji yanapungua na watu 4,000 wanaoga kila mmoja mara mbili. Nimewahi kubishana na injinia mkuu usiku mzima, yeye anataka noti mbili zaidi kwa ajili ya maji, mimi nataka mbili pungufu kwa ajili ya rubani. Nani alikuwa sahihi? Mpaka leo siwezi kuapa.

Na kasino? Sikatai. Meli ikiwa gatini, kasino na maduka yasiyo na ushuru hufungwa karibu bandari zote. Siku ya bahari hufunguliwa. Watu wa ofisini wanaopanga ratiba wanajua hesabu hiyo kuliko wanavyojua nyota, na siku mbili za bahari haziwaumizi. Tena kuna safari ambazo shemeji angekuwa na haki. Zile fupi za Bahamas, siku nne, Miami na Nassau. Pale ni chini ya maili 200, unafika usiku mmoja huku injini zinasinzia. Wakiweka siku nzima ya bahari katikati, ndiyo, tunachora duara kubwa kwa noti saba, nane, na afisa wa zamu anaona mnara uleule mara mbili. Nimefanya hivyo kwa mikono yangu. Lakini hiyo ni Nassau. Wewe ulitoka St. Thomas.

Lipo lingine linaloambatana na hili, la kisiwa "kilichoibiwa" siku za mwisho. Asubuhi nahodha anatangaza hatuingii, upepo mkali, na abiria anatoka nje, anaona jua, anaona maji ya buluu, anasema uongo huo. Ndugu yangu, ubavu wa meli ya mita 330 ni ukuta wa mita za mraba kama 15,000. Upepo wa noti 20 unausukuma kwa uzito wa karibu tani 100. Wa noti 30, zaidi ya tani 200, kwa sababu nguvu ya upepo hupanda kwa mraba. Propela za pembeni na tagi, boti za kuvuta na kusukuma meli, za kisiwa kidogo zina kikomo chake. Jua halina habari na hesabu hiyo. Lakini nakiri pia asubuhi moja tulikataa gati kwa upepo wa noti 29, tukageuka, na baada ya dakika arobaini ukashuka hadi 16. Nahodha alisimama dirishani kimya muda mrefu. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mengine ya siku ya mwisho nayapita haraka, kwa sababu hayo angalau watu huuliza kwa adabu. Mabegi hutolewa nje ya chumba usiku kwa sababu alfajiri haiwezekani kushusha maelfu ya mabegi kwa saa tatu, na kila safari yupo aliyefungia suruali zake zote humo akashuka na taulo. Ule mngurumo wa alfajiri unaotikisa vitanda vya mbele hatujagonga kitu, ni propela za omo zinatusogeza gatini. Na hapana, sisi hatupumziki mkishuka. Mchana uleule wanapanda wengine.

Nikamwandikia shemeji haya yote, kwa ufupi kidogo. Nikamwambia siku nyingine akiwa na shaka asitazame televisheni. Aende nyuma kabisa ya meli, tezini, atazame ule mkondo wa povu jeupe tunaouacha. Meli inayozunguka inaacha povu lililopinda. Inayokwenda inaacha barabara iliyonyooka mpaka upeo wa macho, na siku ya utulivu inakaa hapo muda mrefu.

Akanijibu kwamba huko nyuma alikwenda kila jioni, siku zote saba. Ndiko baa ilikokuwa.