Mabaki ya meli za vita ziwani: yaacheni yalipo, leteni taarifa

Kwa muda sasa tumekuwa tukipokea taarifa za vijana wanaozamia kwenye mabaki ya vyombo vya Vita Kuu ya Kwanza, huku Mwanza, Ziwa Victoria, na kwenye pwani za jirani, na kuibuka na mabomba ya shaba, maganda ya risasi na vipande vya injini. Vingi huishia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Najua wengi hawana nia mbaya. Wavu umenasa, mvuvi amezama kuunasua, mkono umegusa chuma. Hadi hapo hakuna kosa.

Tatizo ni dhahabu. Nimelieleza jambo hili mikutanoni na mialoni hadi nimechoka, na bado kila kitu kinacholetwa kinaambatana na swali la "mali ya Mjerumani", yaani hazina inayodhaniwa kuachwa na Wajerumani. Sarafu za dhahabu za rupia 15, zile zenye tembo, zilipigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, jumla yake 16,198. Tabora, si Mwanza. Boti za ziwa hili zilibeba askari, silaha, chakula na kuni za kuchochea injini. Tena vyombo vilikuwa haba mno kiasi kwamba kilichoweza kuibuliwa kiliibuliwa wakati huohuo. Meli ya Waingereza, Sybil, ilipanda mwamba pwani ya Majita Novemba 1914, ikaja kunasuliwa vita vikiendelea. Boti ya Wajerumani, Muansa, ilizamishwa na wenyewe Mwanza ilipotekwa Julai 1916, na Waingereza wakaiibua tena. Anayezamia leo kutafuta sanduku la hazina anatafuta kitu ambacho hakikuwekwa.

Kilichobaki chini kina thamani ya namna nyingine. Maji ya ziwa hayana chumvi, wala hayana mdudu wa baharini atoboaye mbao, kwa hiyo ubao na chuma huweza kukaa miaka mingi. Namna vilivyolala hutueleza chombo kilipigwa upande gani, kilizama kikiwa na mzigo gani, watu walikimbilia wapi. Ukiondoa kipande kimoja, umefuta sentensi ambayo hakuna atakayeiandika tena. Fikirieni mzinga wa manowari ya Wajerumani, Königsberg. Manowari yenyewe iliishia mto Rufiji Julai 1915, lakini mzinga wake mmoja ulisafirishwa hadi Mwanza, na leo uko Jinja, Uganda. Tunajua safari hiyo kwa sababu ulipokutwa taarifa zake ziliandikwa. Ungeuzwa kwa kilo, leo ungekuwa nondo.

Kuhusu sheria, nawaomba mnisome kwa utulivu. Wapo wanaosoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, wakaona inataja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, wakahitimisha kwamba vya 1914 ni ruksa. Si hivyo. Sheria hiyohiyo inampa Waziri mamlaka ya kutangaza eneo au kitu kuwa chini ya ulinzi hata kama ni cha baadaye. Kuchimbua malikale kunahitaji leseni; kuzitoa nje ya nchi kunahitaji kibali, na kibali huombwa kabla ya kitu kusafiri, si baada ya kukamatwa mpakani. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Risasi na makombora yana sheria yake, ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015: kuyaweka uvunguni bila leseni ni kosa. Kombora lenye umri wa miaka mia moja bado linaweza kulipuka, na kulipasua kwa nyundo ili kupata shaba ni kucheza na roho za familia nzima.

Kwa wazamiaji wenye mitungi: ziwa hili liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo majedwali ya kuzamia ya baharini, yale yanayoonyesha muda salama wa kukaa chini na kupanda, hayatumiki bila marekebisho.

Ukikuta mabaki, usivute kitu. Andika alama za nchi kavu unazoziona, kina kwa pima, na tarehe. Kama simu yako inasoma majiranukta ya mahali (GPS), yahifadhi. Kisha mwone mwenyekiti wa mtaa au kijiji, afisa utamaduni wa wilaya, au Idara ya Mambo ya Kale moja kwa moja. Ukiona mifupa, taarifa iende polisi siku hiyohiyo.

Na wewe ambaye tayari una kitu nyumbani: siwezi kuahidi lolote kwa niaba ya polisi, lakini anayejitokeza mwenyewe tunampokea kama msaidizi. Usikisugue kwa msasa, usikipake mafuta, usikianike juani, maana mbao iliyolowa karne nzima hupasuka ikikauka ghafla na chuma hubanduka magamba. Kama bado kimelowa na si risasi wala kombora, kitumbukize kwenye ndoo ya maji ya ziwa, kifunike, kiweke kivulini, utuite. Kikiwa ni risasi au kombora, usikiguse tena. Ondoa watoto na uite polisi.