Toni-mita: kipimo cha kreni inayokata miti kwa makucha

Muulize mwenye kreni jijini Kampala gari lake linanyanyua kiasi gani, huenda akakujibu kwa mkato: "Ishirini." Ishirini gani? Kreni za mkono unaojikunja, zile zinazofungwa kwenye lori, kwa kawaida hupimwa kwa toni-mita, na toni-mita si toni.

Toni-mita ni uzito mara umbali. Kreni ya toni-mita 20, mzigo ukiwa mita 5 kutoka kwenye nguzo yake, kwa hesabu inamudu toni 4. Mzigo ukiwa mita 10, zinabaki toni 2. Hiyo ni hesabu ya karatasi tu. Mkono wenyewe ni chuma na una uzito wake, kwa hiyo chati iliyobandikwa kwenye mashine huonyesha pungufu ya hapo. Aliyewahi kushika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa anajua jambo hili bila chati.

Sasa ongeza makucha. Kwa kazi ya miti, ncha ya mkono hufungwa makucha ya haidroli yenye msumeno wa mnyororo ndani yake. Yanashika tawi kwanza, msumeno unakata chini ya mshiko, kisha kipande kinashushwa taratibu. Mwendeshaji yuko chini na rimoti, mbali na mti. Kwa mti ulioliwa na mchwa hadi ukawa tupu ndani, faida yake ni kubwa: hakuna kijana anayepanda na kamba kuning'inia kwenye shina asilojua litamstahimili au la.

Lakini makucha nayo yana uzito. Tuseme ni kilo 400: ule uwezo wa toni 2 kwenye mita 10 umeshuka hadi 1.6. Gogo la mkalitusi lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 4 lina ujazo wa mita za ujazo 1.1 hivi, na mti mbichi, kwa kukadiria, ni kama toni moja kwa kila mita ya ujazo. Linaingia. Liongeze matawi na majani yaliyolowa mvua ya Aprili, usogee mita 2 zaidi kwa kuwa ukuta wa jirani umekuzuia, na tayari unacheza kamari. Gogo la kwenye hesabu uzito wake ulishajulikana. La juu ya mti unaukisia tu, na ukishamaliza kukata, mkono unaupokea wote kwa mara moja.

Ndiyo maana vipande hukatwa vidogo, na makucha hushika juu ya kitovu cha uzito ili kipande kisipinduke. Kipande kinachopinduka au kudondoka kidogo kabla ya kushikwa sawasawa huupiga mkono kwa kishindo kinachozidi uzito wake. Kung'oa kisiki au kuvuta shina kwa upande si kazi ya mashine hii hata kidogo.

Jambo ambalo sisi wa Kampala tunalidharau ni ardhi. Miguu ya kreni hubeba nguvu hizo zote kwenye visahani vidogo, na nyua zetu zimejaa mashimo ya maji taka na vyoo vya zamani vilivyofunikwa kwa zege jembamba kisha nyasi zikaota juu. Muulize mwenye nyumba. Asipojua, muulize mzee wa jirani. Huko mabondeni karibu na vinamasi, kama Lubigi, udongo laini hudanganya hata bila shimo. Mbao pana na nene chini ya kila mguu ni lazima, na miguu itoke yote, hata kama ukuta unakera.

Nyaya za kilovolti 11 na 33 zinazopita juu ya barabara zetu ni sababu ya kuomba umeme ukatwe kabla ya kuanza, kwa maana mti mbichi hupitisha umeme. Mkono ukigusa waya, asiguse mtu lori wala kulikaribia hadi shirika la umeme lithibitishe kuwa laini imezimwa.

Mnyororo wa msumeno nao hukatika, na vipande vyake huruka kwa kasi ya risasi, hasa kwa kufuata mwelekeo wa bapa la msumeno, yaani kile chuma ambacho mnyororo unakizunguka. Wasaidizi na watazamaji (nao hawakosi) wasisimame kwenye mstari huo, wala chini ya mzigo.