Sabuni ya maji si ujasiriamali

Mwaka jana, hapa Dodoma, mshereheshaji alisimama ukumbini akatangaza: "Wote mliomo humu sasa ni wajasiriamali!" Tulikuwa tumemaliza siku tatu za kukoroga sabuni ya maji. Nilipiga makofi kama wenzangu, ila moyoni nikasema hapana.

Ujasiriamali ni kutia mali yako katika jambo usilojua litakurudishia nini, kisha kulisimamia. Basi. Kinachoniwasha mimi ni neno lenyewe.

Lisikilize: jasiria, mali. Vyote viwili asili yake Kiarabu, tukaviunganisha wenyewe. Waingereza lao waliliazima kwa Wafaransa, kutoka kitenzi chenye maana ya kuanza kazi na kuibeba. Richard Cantillon, mwanauchumi wa karne ya 18, alimweleza mjasiriamali kuwa ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua na kuuza kwa bei asiyoijua. Kiswahili kikaenda moja kwa moja penye maumivu: ujasiri huo ni wa mali. Wa kipaza sauti haumo.

Halafu neno likateremshwa cheo. Mwishoni mwa 2018 vilipotoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vya shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, kila mwenye meza ya nyanya akawa mjasiriamali. Sina ugomvi na kitambulisho. Mchuuzi alikihitaji ili asikimbizwe na mgambo. Lakini siku hizi angalia: mwenye maghala anaitwa mfanyabiashara, mwenye karai la maandazi ndiye mjasiriamali. Limekuwa jina la heshima la kumwita mtu ambaye mtaji wake unaisha jioni.

Na ukumbini limeteremka tena, likawa ufundi. Kupima sless, ile kemikali ya kutoa povu, na chumvi, kutia rangi, kukoroga upande mmoja: huo ni ufundi, tena mzuri, mikono yangu inaujua mpaka leo. Ila tulirudi watu watano mtaa mmoja, Chang'ombe, na sabuni ileile ya kijani katika chupa zilezile za maji ya kunywa. Tukaanza kuuziana sisi kwa sisi, bei ikashuka kila wiki. Hakuna aliyekuwa amekokotoa chupa moja inamgharimu shilingi ngapi, kwa hiyo hakuna aliyejua ni lini alianza kula hasara. Baada ya miezi minne alibaki mmoja, na siye mimi.

Jirani yangu mama lishe hajawahi kukanyaga semina. Kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la Bajeti likikaa, mji unajaa wageni na sufuria yake ya wali inakwisha kabla ya saa nane. Ana kaunta buku aliyoipiga mistari kwa rula, safu tatu: mauzo, gharama, "ya nyumbani". Nilimuuliza wageni wakiondoka anaishije.

"Julai nakula Mei," akanijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Safu ile ya tatu haikutajwa hata mara moja katika siku zetu tatu.

Kwa hiyo, ndugu zangu waandaaji, safari ijayo bango liandikeni tu "Mafunzo ya kutengeneza sabuni". Tutakuja vilevile.