Tundu la fistula limeziba, mbona mkojo bado unavuja?

Fistula ya uzazi ni tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo, na hushonwa kwa upasuaji. Baada ya kushonwa, mpira wa mkojo umetolewa, mshono umepona, lakini mama akisimama tu mkojo unamchuruzika. Nyumbani watasema nyuzi zimeachia, na mwenyewe ataamini hivyo. Mara nyingi si kweli. Tundu limeziba kabisa na mkojo unapita njia yake ya kawaida, ila njia hiyo imekosa wa kuifunga.

Kulithibitisha hakuhitaji mashine. Vipande vitatu vya pamba hupangwa ukeni, kimoja juu ya kingine, kisha maji yenye rangi ya buluu hutiwa kwenye kibofu kupitia mpira. Cha juu au cha kati kikitoka na buluu, bado kuna tundu. Cha juu kikilowa bila rangi, mkojo unatoroka kwenye mrija wa figo kabla haujafika kibofuni. Lakini vya juu vikibaki vyeupe na vikavu, huku buluu ikichuruzika kwenye mlango wa mkojo kila mgonjwa anapokohoa, mshono umeshika. Pamba tatu na rangi kidogo, basi. Sijui vipimo vingi vya bei mbaya vinavyojibu maswali matatu kwa mkupuo.

Chanzo cha tundu hilo ni uchungu wa kuzaa uliokwama muda mrefu bila upasuaji. Wengi hudhani mtoto ndiye huichana nyama anapotoka. La: kichwa huibana dhidi ya mfupa wa nyonga hadi damu isipite, nyama ikafa, na siku kadhaa baadaye ikabanduka na kuacha tundu. Eneo lililokosa damu huwa pana kuliko tundu lenyewe. Mrija wa mkojo, neva na misuli ya sakafu ya nyonga vyote vilikuwa chini ya kichwa kilekile.

Mwaka 1994 daktari Mmarekani John DeLancey alieleza jinsi mrija wa mkojo wa mwanamke unavyojifunga. Chukua mpira wa kumwagilia bustani uukanyage. Ukiwa juu ya sakafu ngumu, maji yanakatika. Ukiwa juu ya tope unadidimia, na maji yanaendelea kutoka hata ukanyage vipi. Mrija huo, wenye urefu wa sentimita 4 hivi, umelala juu ya ukuta wa uke unaoshikiliwa na misuli ya nyonga. Kikohozi ndio mguu. Kwa aliyeugua fistula mfano huu unachechemea kidogo, kwa kuwa kovu hukakamaza hata mrija wenyewe usibanike.

Ndiyo maana mahali pa tundu ni jambo kubwa. Katika mpangilio wa aina za fistula wa daktari Judith Goh wa Australia hupimwa umbali wa tundu kutoka mlango wa mkojo: zaidi ya sentimita 3.5 ni aina ya 1, chini ya 1.5 ni aina ya 4. Kadiri tundu linavyokaribia mlango, ndivyo uwezekano wa kuvuja baada ya kushonwa unavyopanda.

Mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga yanaonekana kusaidia, ingawa tafiti kwa wagonjwa wa fistula ni chache na ndogo. Na hayafundishiki kwa mdomo tu: akiambiwa “bana”, si wachache wanaosukuma chini, kinyume kabisa. Wodi yenye mpasuaji hodari isiyo na mtaalamu wa fiziotherapia bado ina pengo.

Wasiopata nafuu huweza kuwekewa utepe wa kuushikilia mrija. Ule wa plastiki una hatari ya kutokeza nje ya kovu lenye damu haba, kwa hiyo wapasuaji hupendelea kukata ukanda kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe, tumboni au pajani.