Kipimo cha choo cha mtoto: yanayosemwa Mombasa na yanayojulikana maabara

Mama anapotoka maabara ya mtaani, iwe ni Majengo, Kisauni au Likoni, akiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna minyoo wala amiba, majirani humwambia kuwa choo cha mtoto ni safi na kwamba kinachomwendesha, yaani kinachomharisha, si ugonjwa. Dhana hii ndiyo niisikiayo zaidi, na chanzo chake ni kutojua kipimo chenyewe kilikuwa kikitafuta nini. Hadubini ya kawaida inayotumia mwanga haiwezi kuonyesha vizuri kitu kilicho chini ya nanomita 200 hivi. Sisti ya amiba, yaani gamba analojifungia amiba, ina upana wa nanomita 10,000 au zaidi, kwa hivyo huonekana bila taabu. Kirusi cha rota, msababishi mkuu wa kuhara kukali kwa watoto wadogo, kinakaribia nanomita 100 tu, na kile cha noro hakifiki hata nusu ya hapo. Mpimaji hodari akeshe juu ya lenzi, hatakiona. Ndiyo sababu virusi vya rota havikutambuliwa kwa binadamu hadi mwaka 1973, Ruth Bishop na wenzake mjini Melbourne walipochunguza vipande vya utumbo wa watoto wagonjwa kwa hadubini ya elektroni, mashine ambayo hakuna zahanati inayoiweka.

Wengine hudhani kwamba kuotesha choo, yaani kukuza vijidudu vyake maabara, kutamaliza ubishi. Kuotesha hukamata bakteria, kama vile wa kipindupindu na wa shigela, na ni kipimo cha maana pale kinyesi kina damu; lakini virusi haviongezeki isipokuwa ndani ya seli hai. Virusi vya noro vya binadamu viliwashinda wataalamu kwa miongo kadhaa, na ilikuwa mwaka 2016 ndipo iliporipotiwa namna ya kuviotesha katika seli za utumbo wa binadamu zilizokuzwa maabara.

Kupima damu nako hakusaidii. Karibu kila mtoto huwa ameshakutana na virusi vya rota kabla ya kutimiza miaka mitano, kwa hivyo kingamwili zilizomo damuni haziwezi kueleza ni nini kinachomwendesha leo. Kipimo cha Widal, kinachopendwa mno huku kwetu, kinahusu homa ya matumbo, na hata hiyo hakiithibitishi vizuri.

Dhana kwamba kuota meno ndiko kunakomharisha mtoto ni ya zamani na ina hila, kwa sababu wakati unaafikiana. Meno huanza kuchomoza karibu na miezi sita, umri uleule ambao kinga aliyorithi mtoto kwa mama yake imepungua, naye ameanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Wakipimwa kwa njia inayofaa, wengi wa wanaosemwa kuwa wanaota meno hukutwa na vijidudu halisi tumboni.

Njia inayofaa, kwa hospitali nyingi, ni kutafuta antijeni, yaani protini ya kirusi chenyewe, kwa ELISA, kipimo cha maabara kinachobadili rangi, au kwa kipimo cha haraka cha mistari kinachofanana na kile cha malaria. Mpimaji huchota kinyesi kidogo kwa kijiti, hukikoroga katika maji maalumu, hudondosha matone machache, kisha husubiri kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika 10 hadi 20. Mstari wa uthibitisho usipotokea, kipimo ni batili, hata kama ule mwingine umetokea. Jibu hasi nalo lina mipaka: vipimo vingi vya aina hii hutafuta rota peke yake, au rota pamoja na adeno, wala havisemi lolote kuhusu virusi vingine vya kuhara, kama noro, astro au sapo. Sampuli inayokwanguliwa kwenye nepi iliyokwisha kufyonza maji yote huwa haitoshi; afadhali nepi igeuzwe, upande wa plastiki uelekee ngozi. Isicheleweshwe hadi siku ya nane au ya kumi, maana virusi huwa vingi mno siku za mwanzo kisha hupungua. Joto la Mombasa, ambalo watu hulilaumu kwanza, huwaua amiba walio hai upesi kuliko linavyowadhuru virusi vya rota, na friji huhifadhi virusi vizuri, ila haiwahifadhi amiba hao walio hai.

PCR, iliyopata umaarufu wakati wa Korona, imeleta dhana mpya: kwamba chanya maana yake sababu imepatikana. Mashine hiyo hunakili chembe za urithi za kirusi mzunguko baada ya mzunguko, na kwa hivyo hugundua hata mabaki ya maambukizi ya wiki zilizopita. Utafiti wa GEMS, ulioandikisha watoto wa nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwemo, uliwapima pia watoto wasioharisha, na wengi wao walikutwa na vijidudu. Kwa hiyo mtaalamu makini hutazama ishara imejitokeza baada ya mizunguko mingapi: ikija mapema, virusi ni vingi na huenda ndivyo vinavyomsumbua mtoto, ikija mwishoni kabisa, huenda ni wapita njia. Mtoto aliyedondoshewa chanjo ya rota siku chache zilizopita anaweza pia kuonekana chanya kwa sababu ya virusi hai vya chanjo, vilivyodhoofishwa, vinavyotoka na choo. Chanjo hiyo ilianza kutolewa Kenya Julai 2014, na kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa mkali. Kuhara kwepesi bado kwaweza kumpata aliyechanjwa.

Iliyo hatari kuliko zote ni dhana kwamba mtoto asianzishiwe tiba hadi majibu yatoke. Maji ya ORS, yaani ya chumvi na sukari, na vidonge vya zinki havisubiri karatasi, na mtoto ambaye macho yameingia ndani, au ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Viuavijasumu haviui kirusi chochote kati ya hivi. Anayeyahitaji zaidi majibu ya virusi ni msimamizi wa wodi, anayeamua nani atengwe na nani, akijua kwamba jeli ya alkoholi haivimudu virusi vya noro kama sabuni na maji ya bomba. Na baada yake ni watafiti, kama wale wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kule Kilifi, wanaosoma chembe za urithi za virusi vya rota ili kulinganisha aina zilizokuwepo kabla ya chanjo na zinazozunguka sasa.